Kipigo kimoja, bongo tofauti: kisa cha mitetea 9 wa shangazi

Voisi ya shangazi ilikuwa ya dakika 4 na ndani ya hizo dakika 4 neno kideri (ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle) lilitajwa mara 6, nilihesabu. Kuku wapya wamesinyaa, hawali, mmoja kafa usiku, wengine wamejikunyata kwenye kona kama abiria waliochelewa basi la mkoani, "na wewe baba ndo uliniambia weka waya, haya waya nimeweka, mbona ndo wamezidi?" Hilo la mwisho ndo lililonikaa kichwani njia nzima, kwa sababu ni kweli nilimwambia.

Kisa chenyewe kiko hivi. Shangazi anakaa Kimara Temboni, nyuma ya nyumba ana banda la tofali na mabati, ndani mitetea 38 chotara wa mayai, sio biashara kubwa ila trei zinatoka na majirani mlango wanaujua. Mwanzoni mwa Februari kuna mfugaji wa Chanika alikuwa anahama, anauza vilivyobaki, shangazi akachukua mitetea 9. Hapa kuna kitu naomba mkishike maana ndo kisa chote kimelalia hapo: hao 9 ni wa kundi moja, walitotolewa siku moja, wamekulia banda moja, chakula kimoja, chanjo zilezile, umri wiki 22. Kwa macho huwatofautishi, ilibidi shangazi awafunge vitambaa vya rangi miguuni, akawa anacheka mwenyewe eti kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wa kwangu nimewafunga kanga.

Akawaingiza bandani saa 7 mchana. Jua la Februari mnalijua. Wenyeji 38, wageni 9, vyombo vya chakula 2 na vyote viko kona moja chini ya dirisha kwa sababu huko ndo rahisi kumimina. Nafasi ya kutembea ilikuwepo ya kutosha, njia ya kufikia chakula ndo haikuwepo.

Kuku wana ngazi, hili kila aliyefuga analijua hata kama hajawahi kulisoma. Kuna Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alikuwa anawaangalia kuku tangu mtoto, anaandika nani kamdonoa nani, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akachapisha kwamba kudonoana kwa kuku sio fujo, kuna utaratibu: A anamdonoa B, B anamdonoa C, na C harudishi. Ngazi ikishapangika banda linatulia, siku nyingi hata mdomo hauinuliwi, mwenye cheo akigeuza shingo tu wa chini kasogea. Sasa ukimwaga wageni 9 katikati ya ngazi ya watu 38 waliojuana tangu vifaranga, kila mwenyeji anataka kuonyesha hapa ni kwake. Mkubwa wao pale kwa shangazi ni mtetea mmoja mwekundu mnene, anaitwa Mwenyekiti, na jina amelistahili.

Siku ya 3 shangazi akanipigia nikiwa dukani (nauza dawa za mifugo, mambo ya wanyama nilisoma Morogoro), wateja wamejaa, nikamjibu harakaharaka: shangazi tenganisha kwa waya, waonane ila wasigusane, watazoeana. Ushauri huo kila mfugaji anao na mara nyingi unafanya kazi. Fundi akaja, akakata waya wa kuku, akawabania wageni kwenye kona, upana kama wa kitanda cha futi 3, na kona yenyewe ikawa ileile ya dirishani. Yaani chakula cha wenyeji kikawa upande wa pili wa waya, hatua moja. Mimi sikuuliza kona ipi, yeye hakusema.

Jumapili nikapanda mwendokasi mpaka Kimara, nikaunga bajaji. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, njoo uone mwenyewe mimi sina nguvu za kuongea." Halafu akaongea robo saa.

Kideri kwanza tukitoe, maana kila kuku akiinamisha kichwa Dar hii ni kideri. Kinyesi cha kijani hakuna, shingo hazijapinda, hakuna anayekoroma, wenyeji 38 wote wazima na wanataga kama kawaida. Yule aliyekufa nilimpasua pale kwenye karo la kufulia. Kile kifuko cha chakula cha kifuani kitupu kabisa, punje hamna, mfupa wa kifua umechongoka ukipitisha kidole unahisi mgongo wa kisu, tumbo la mbele halina yale madoa ya damu ambayo kideri hupenda kuyaacha. Sio kipimo cha maabara, lakini yule kuku njaa ndo ilimmaliza, na njaa yenyewe chakula kiko hatua moja. Shangazi alishawapa pia antibayotiki ya siku 3 na vitamini, ya kwanza haikuwa na kazi pale zaidi ya kumlia hela.

Vidonda navyo vilikuwa vinasema. Vyote kisogoni na kwenye upanga, ule wekundu wa kichwani, mgongoni na mkiani manyoya yapo yote. Watu wanachanganya haya mambo mawili. Kudonoa kichwa ni ugomvi wa cheo. Kuchomoana manyoya mgongoni ni kitu kingine, kinahusiana zaidi na kuku kukosa cha kuchakura, na hata kemia yake ya ubongo inafuatwa kivingine (huko wanazungumzia sana serotonini, moja ya kemikali za ubongo, na kuna majaribio yalionyesha kuongeza triptofani, malighafi yake, kwenye chakula kulipunguza kuchomoana). Banda hili halikuwa na shida hiyo.

Sasa mimi nilipokaa kwenye ndoo nikawaangalia wale 8 waliobaki, kilichonishangaza sio kwamba wamechakaa. Ni kwamba hawajachakaa sawa. Wenye kitambaa cha kijani, cha njano na cha bluu walikuwa wanatembea, wanachakura maranda, wana alama za kudonolewa kichwani sawasawa na wenzao lakini jicho liko macho. Wanne walikuwa wamejibana ukutani wameficha vichwa, mmoja akiwa amepanda juu ya mwingine. Na mmoja yuko katikati, haeleweki anataka nini. Kuku walewale, kundi lilelile, kipigo kilekile.

Hapo nikakumbuka jaribio la panya nililosoma zamani nikaona ngoja nilijaribu kienyeji. Tukaleta tenga la kubebea kuku, tukalifunika katikati ya uwanja, likiwa tupu, tukazungushia mahindi. Namtoa mgeni mmoja, namwacha dakika 2 na nusu, simu inahesabu. Halafu namrudisha, tunamkamata Mwenyekiti (kazi hiyo aliifanya shangazi, mimi alinichana mkono), tunamweka chini ya tenga, namtoa mgeni yuleyule tena. Tenga tupu, wote 8 walikuja kula, hata wale wanne, wakichechemea hivyohivyo lakini walikuja. Tenga lenye Mwenyekiti ndo mambo yakagawanyika. Wale wanne hawakukaribia, mmoja aligeuka akakimbilia chini ya gari bovu la mjomba na ikabidi nilale chini kumtoa. Wale watatu walikuja. Wa kati akaenda nusu njia, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka muda ukaisha.

Wa kitambaa cha kijani, ambaye shangazi alishaanza kumwita Sugu, mwangalieni vizuri kwa sababu watu wakisikia mvumilivu wanadhani ni mtu asiyesikia maumivu. Alitoka, akamwona Mwenyekiti, akaganda. Manyoya yamebana mwilini, shingo ndefu, jicho moja limekazwa kwenye tenga, mdomo wazi kidogo anahema. Kama sekunde 20 hivi. Halafu akazunguka, sio moja kwa moja, akapitia nyuma ambako Mwenyekiti alikuwa amegeuza mgongo, akadonoa punje 1, akarudi nyuma hatua 2, akadonoa nyingine. Alikuwa anaogopa kama wenzake tu, ila alikula.

Jaribio lenyewe la panya linaenda hivi. Wanachukua vipanya vyeusi vya ukoo mmoja uliozalishwa ndani kwa ndani vizazi na vizazi mpaka jeni zao zinakaribia kuwa kitu kimoja, kama pacha wa kufanana. Kila siku kipanya kinaingizwa kwenye kizimba cha dume jeupe kubwa korofi, kinapigwa dakika 5 mpaka 10, kisha wanawekewa kizuizi chenye matundu katikati, hawagusani lakini wanaonana, wananusana, mpaka kesho yake. Kesho dume jipya. Siku 10. Mwisho wanapimwa kwa ile ya tenga niliyoiiga mimi: kwanza kizimba kitupu, halafu chenye dume, dakika 2 na nusu kila mara. Wengi wanakwepa, wanapoteza hata hamu ya maji ya sukari, na ukiwaacha mwezi mzima bila kuguswa bado wanakwepa. Lakini theluthi hivi, wakati mwingine zaidi, wanaendelea kusogelea wenzao kama vile hakuna kilichotokea. Jeni zilezile, kizimba kilekile.

Mmeona nilipokosea? Kile kizuizi chenye matundu! Watafiti wanakiweka makusudi ili stresi isikatike kipigo kinapoisha. Mimi nimemwambia shangazi aweke kitu hichohicho, tena baada ya siku 3 za kipigo, tena kwenye kona ambayo wenyeji wanakuja kula mchana kutwa, kila anayekuja anasimama usoni kwa mgeni na mgeni hana pa kurudi nyuma. Waya unafaa kama hawajapigana bado na kama anayeogopa ana mahali pa kuondoka. Ukiuweka baada ya kipigo, kwenye upana wa kitanda, umemfungia mtu chumba kimoja na aliyempiga. Nilimwambia shangazi kosa ni langu, akasema najua.

Turudi kwenye ubongo maana ndo patamu. Panya na kuku homoni yao kubwa ya stresi ni moja, kotikosteroni, sisi binadamu tunatumia zaidi ndugu yake kotisoli. Ubongo ukiona hatari unatuma amri kupitia tezi ya pituitari mpaka tezi za adrenali kule karibu na figo, homoni inamwagika, mwili unaanza kuvunja akiba kutengeneza sukari ya kukimbilia. Kwa saa moja ni nzuri. Kwa wiki, misuli inaliwa (ule mfupa wa kifua), kinga inashuka, kutaga kunasimama kwa sababu mwili hauwezi kutengeneza yai huku unakimbia. Wengi wangedhani basi wavumilivu ni wale ambao homoni hii kwao haipandi. Hapana. Timu ya Eric Nestler kule Dallas, Marekani, ripoti yao ya 2007 ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Vaishnav Krishnan, walikuta panya waliovunjika (wale wanaokwepa) na panya waliosimama (wale wanaosogelea) wote wana wasiwasi, wote kotikosteroni yao inapanda kwa namna ileile. Tofauti ilikuwa kwingine.

Kuna sehemu ndogo katikati ya ubongo inaitwa VTA, humo kuna seli zinazotengeneza kemikali ya dopamini na kuipeleka mbele kwenye sehemu inayoitwa akumbensi, njia hiyo ndo inayoamua kitu hiki kina thamani, kifuate, au kitu hiki kina hatari, kikae mbali. Kwa panya waliovunjika seli hizo zilikuwa zinafyatua ishara kwa kasi kuliko kawaida. Kwa waliosimama kasi ilikuwa ya kawaida, ungesema hazijaguswa kabisa. Kumbe zimeguswa sana. Walipopima jeni zipi zimebadilika kazi mle ndani ya VTA, waliosimama walikuwa na mabadiliko mengi kuliko waliovunjika, na miongoni mwake ni jeni za vijimlango vya potasiamu, vile vinavyoipoza seli isifyatue ovyo.

Mwaka 2014 Allyson Friedman, Ming-Hu Han na wenzao wa Mount Sinai, New York, wakaongeza kitu ambacho mimi kilinipa shida kukielewa mpaka nilipokifikiria kama simtanki. Kipigo kinaongeza maji yanayoingia tankini, ule mkondo wa umeme unaoisukuma seli ifyatue. Kwa waliovunjika maji yanaingia mengi, tanki linafurika. Ungetegemea waliosimama wao koki imefungwa. Wakapima wakakuta kwao maji yanaingia mengi zaidi kuliko hata kwa waliovunjika! Ila lilipozidi kiwango fulani, tanki lenyewe likatoboa mabomba mengine ya kumwagia nje, vile vijimlango vya potasiamu, usawa wa maji ukarudi palepale pa mwanzo. Na kituko ni kwamba waliwachukua panya waliovunjika wakaziongezea seli zao msukumo siku kadhaa, yaani wakaongeza maji kwenye tanki linalofurika, na mabomba ya kumwagia yakafunguka, panya wakaanza kusogelea wenzao tena. Sijui kama kuna kitu kingine kwenye fani hii kinachonifurahisha kama hiki. Utulivu wa Sugu pale uwanjani, kama ubongo wake unafanya kazi kama wa wale panya, sio kwamba moto haujawaka. Kuna kazi inaendelea mle ndani ambayo haionekani.

Nimesema kama. Panya wale karibu wote ni madume, hawa wangu ni mitetea, na ubongo wa ndege umepangika kivyake ingawa nao una VTA na dopamini yake. Simpimi Sugu ubongo, shangazi angenifukuza. Nachosema ni kwamba mifupa ya habari ni ileile.

Kuna na protini inaitwa BDNF, hii watu wanaiuza mtandaoni kama mbolea ya ubongo, ongeza ongeza ongeza. Kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, kweli inaelekea upande wa nafuu. Lakini kwenye ile njia ya VTA kwenda akumbensi, timu hiyohiyo ya Dallas mwaka 2006 waliifuta BDNF ya VTA na panya wakaacha kukwepa wenzao, maana kule kazi yake ilikuwa kumfundisha mnyama somo la kipigo likakaa. Kitu kilekile, mtaa tofauti, tabia tofauti. Kwenye utafiti huohuo dawa za sonona walizowapa panya wale kwa wiki kadhaa ziliwarudisha, dozi ya mara moja haikufanya kitu.

Basi nikiwa najieleza hivi kwa lugha ya kawaida shangazi akanikatisha: "Sasa baba si tumchinje tu huyu Mwenyekiti, tatizo limeisha?" Wazo zuri kwa pilau, baya kwa banda. Kiti hakikai wazi. Kuna samaki wa kwetu kabisa, wa Ziwa Tanganyika, jina lake la kitaalamu Astatotilapia burtoni, mtafiti Russell Fernald aliwafuata miaka mingi. Dume mwenye eneo ana rangi kali na mstari mweusi unaopita kwenye jicho, madume wa chini wamepauka kama majike na hawazai. Walimtoa mkubwa usiku gizani, taa zilipowashwa asubuhi mnyonge mmoja akatazama huku na huku, na ndani ya dakika chache ameshavaa rangi na mstari wa jicho, anafukuza wengine. Siku zinavyokwenda hata seli za ubongo zinazoamsha homoni za uzazi zinanenepa. Akirudishwa chini zinasinyaa. Kwa hiyo ukimchinja Mwenyekiti, kabla ya magharibi una Mwenyekiti mwingine, na huyo ana hasira za uchaguzi mpya. Shangazi akakubali kwa shingo upande, akasema haya ila pilau nalikumbuka.

Na kama unataka kuku wapole kweli njia ni ndefu zaidi. William Muir wa Purdue, Marekani, miaka ya 1990 aliacha kuchagua mtetea mmoja mmoja anayetaga sana, maana mara nyingi anayetaga sana ndo aliyewapiga wenzake, akawa anachagua kizimba kizima kinachofanya vizuri pamoja. Vifo vya mwaka vikashuka kutoka asilimia 68 mpaka 8.8 ndani ya vizazi vichache tu. Lakini hiyo ni kazi ya mzalishaji wa vifaranga, sio ya Kimara Temboni.

Tulichofanya ni hiki. Tuliwatoa wageni wote 8, sio wale wanne tu, tukawahamishia upande wa pili wa nyumba kwenye kibanda cha kuni, wenyeji hawaonekani, sauti zinasikika kwa mbali. Shangazi akashangaa hao watatu wazima nawatolea nini. Nawatolea kwa ajili ya wenzao. Kuna kipanya cha mbuga za Marekani kinachoishi wawiliwawili, mke na mume. Adam Smith na Zuoxin Wang mwaka 2014 waliwabana majike saa nzima wasiweze kujigeuza, wengine baadaye wakakaa peke yao, wengine wakarudishiwa mwenza wao. Waliokaa peke yao kotikosteroni ikabaki juu na wasiwasi ukaonekana, kwa wenye mwenza hayo hayakuonekana, na kilichofanya kazi kilikuwa oksitosini, homoni ya ukaribu, inayotoka kwenye haipothalamasi kule chini ya ubongo, ukiizuia nafuu inapotea. Kuku hana oksitosini hiyo, ana ndugu yake inaitwa mesotosini, kwa hiyo sikuahidi kitu. Ila kumtenga mnyonge peke yake kwenye boksi, kama wengi tunavyofanya, ni kumnyima hata huyo mmoja anayemjua.

Siku 12 kule kwenye kuni. Wiki ya kwanza wanne wanakula usiku tu taa ikiwashwa. Halafu Sugu akipiga ile sauti yao ya kuita chakula wa kitambaa cheusi, mmoja wa wale wanne, akawa anamfuata, akabaki nyuma yake hivyo siku nzima, kisha wa pili. Huku bandani tukaongeza vyombo vya chakula viwe 4 na kila kimoja ukuta wake, makreti matupu ya soda yakasimamishwa katikati ili anayefukuzwa apotee machoni, kichanja cha kulalia kikaongezwa, kabichi ikaning'inizwa kwa kamba. Wageni wakaingizwa saa 2 usiku, gizani, wote kwa pamoja, wenyeji wameshalala.

Asubuhi palidonoana, lazima, lakini mtu akidonolewa ana pa kwenda. Wiki 3 baadaye wale watatu wanataga, wa katikati anataga, wawili kati ya wale wanne wamerudi, upanga umekuwa mwekundu tena na mmoja ametoa yai la kwanza dogo kama la njiwa, shangazi akanitumia picha kalishika kwa vidole viwili. Wa tatu hajarudi. Anashinda juu ya kichanja, anashuka wenzake wakishamaliza, chombo kikiwa tupu upande wake hahami kwenda kingine, sawa na wale panya waliokuwa bado wanakwepa baada ya mwezi mzima. Wa nne nilipouliza shangazi akasema swali hilo ningeuliza kabla ya Jumapili, na nyama yake ilikuwa laini ila haba.

Juzi nikauliza Sugu amepanda cheo? Hapana, yuko chini tu karibu na mwisho, Mwenyekiti akipita anapisha. Ila shangazi anasema akifungua banda saa 12 kasoro asubuhi, wengine bado wako juu wamejikunja, yule wa kitambaa cha kijani ameshashuka peke yake, anakula taratibu, jicho moja kwenye chombo, lingine kwenye kichanja.